Mzee Manasseh Ahamisha Kamba ya Jacinta

Ukifika Birongo ukaulizia nyumba ya Mzee Manasseh Ogeto, swali la kwanza utakalorudishiwa ni, "Yule wa mashua?" Ukisema ndiye, utaonyeshwa njia kwa kicheko. Birongo ni vilima, chai na migomba, na maji makubwa kuliko yote ni kijito cha kunyweshea ng'ombe ambacho hata kuku mwenye haraka hukiruka. Lakini kwa Manasseh, kati ya zizi na migomba, ipo mashua ya tanga ya mbao, ndefu kama hatua sita, imekalia trela ya magurudumu mawili. Ubavuni imeandikwa kwa rangi ya buluu: JACINTA.

Jina hilo hakulitia yeye. Alilikuta limeandikwa na mwenye mashua wa kwanza, na hilo amelieleza kanisani, sokoni na mara kadhaa kitandani. Eucabeth, mkewe kwa miaka thelathini na minane, amelielewa vizuri sana, na mvua ikinyesha bado humwambia, "Jacinta wako amejaa maji. Nenda umkaushe."

Mtu hawi na mashua Birongo kwa bahati mbaya. Manasseh alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye chama kimoja cha wapenda mashua huko Kisumu. Alianza kwa kufagia majani, akaishia kuwa fundi ambaye matajiri walimngoja na kofia zao mikononi. Jumapili, mashindano yakiisha, alikuwa akichukua mashua iliyobaki bure na kutoka ziwani peke yake. Alipostaafu, wenzake walimchangia saa ya ukutani, na chama kikampa Jacinta, ambaye wakati huo alikuwa mzee kuliko wanachama wengi. Saa ilikufa mwaka uleule.

Kisha kiharusi kikamjia asubuhi moja akikamua ng'ombe. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi (Eucabeth husema ulirudi zaidi ya ulivyokuwa), lakini mkono wa kushoto ulibaki unaning'inia, vidole havina nguvu ya kushika hata kikombe. Na Manasseh, ambaye hakuwahi kulalamikia chakula wala mshahara, alianza kulalamika juu ya kitu kimoja tu. Alitaka kushika tanga tena kabla hajafa. Hakuficha: aliogopa kwamba siku ile alipoishusha Jacinta kutoka kwenye lori, alikuwa ameaga ziwa bila kujua.

Shida yenyewe ilikuwa rahisi kueleza. Mashua ya tanga inataka mikono miwili. Mmoja unashika kana, yaani kishikio cha usukani. Mwingine unashika demani, ile kamba ya kuvuta tanga na kulilegeza. Upepo ukizidi na hukuilegeza demani, mashua inalala ubavu na wewe unaoga. Kwenye Jacinta kamba hiyo ilitokea nyuma kabisa, mgongoni kwa mwendeshaji, na hakukuwa na kitu chochote cha kuishikilia isipokuwa kiganja cha mtu.

Kwa hiyo alihitaji mtu wa kumwazima mikono. Habari ya kwenda peke yake alikuwa amekwisha kuizika. Alianza na mwanawe Mokua, dereva wa lori la ndizi, kijana wa mabega mapana asiyeogopa mteremko wowote wa nchi hii. Mokua akasema anampenda baba yake sana, lakini yeye hata daraja refu akilivuka hufunga dirisha. Akamwendea Omwenga, fundi wa kuchomelea chuma kule Keroka. Omwenga akaweka miwani yake juu ya paji la uso.

"Mzee, mimi natengeneza vitu vya nchi kavu," akasema. "Kitanda yangu ikivunjika, mtu anaanguka chini. Hiyo yako ikivunjika, mtu anaanguka wapi?"

Eucabeth hakungoja kuulizwa. "Mimi nilibatizwa mara moja," akasema. "Inatosha."

Ilikuwa jioni, wamekaa uani, na Manasseh amekwisha kuinamisha kichwa kama mtu anayesoma ardhi, ndipo sauti ikatoka mlangoni pa jikoni. "Tata, mimi naweza."

Alikuwa Bitutu, mke wa Mokua, akimwita baba mkwe wake tata, yaani baba, kwa Kigusii. Bitutu ndiye anayeendesha kinu cha posho pale sokoni. Akifunga mkanda wa mashine hauruki, na gunia la mahindi hulinyanyua huku akizungumza. Zaidi ya hayo, alilelewa na shangazi yake Kendu Bay, akaogelea kabla ya kujua kusoma. Kwa kila hali alikuwa ndiye mtu aliyefaa. Kwa kila hali isipokuwa moja, na hiyo moja ndiyo iliyomfanya Eucabeth aachie ungo wa maharagwe.

Maana Abagusii wana ensoni, ile heshima yenye mipaka. Mkwe na baba mkwe hawapeani mikono. Yeye haketi alipoketi huyu, hampitii karibu, hamruki miguu. Manasseh na Bitutu walikuwa wameishika heshima hiyo miaka tisa bila doa, na katika umbali huo walipendana kweli. Bitutu alimsagia wimbi laini kuliko wa mtu mwingine yeyote, akaliacha debe kizingitini. Manasseh akiona kuni za mkwe zimepungua, alipasua nyingine, hata baada ya kubaki na mkono mmoja, na kuziacha hapohapo. Shukrani zilipita hewani.

"Sasa ndani ya hiyo kitu watu wanakaa namna gani?" Eucabeth akauliza.

Manasseh akachukua viazi vitamu viwili akaviweka juu ya stuli. Hiki ni mimi, hiki ni mokamwana, mke wa mwanangu. Kamba iko huku nyuma, usukani uko hukuhuku nyuma, kwa hiyo viazi vyote viwili vinakaa nyuma, goti kwa goti. Mashua ikigeuka, tanga linahamia upande wa pili, na viazi navyo vinahama, kimoja kikipita mbele ya kingine kwa kuinama. Alivipitisha. Vikagusana.

Eucabeth akavitenganisha kwa haraka ya mtu anayetoa mtoto karibu na moto. "Hapana. Hata kama Jacinta hana adabu, sisi tuko nayo."

Bitutu alikuwa amekwisha kurudi jikoni, kwa sababu mambo mengine mtu huyasema mara moja na kuwaachia wakubwa. Manasseh akavitazama viazi kwa muda mrefu. Kisha akachukua kijiti, akakilaza katikati ya stuli, akasukuma kiazi kimoja mbele na kingine nyuma. Akamwambia mkewe atahamisha kamba.

Alitaka kuiondoa demani kule nyuma na kuileta katikati. Ingeshuka kutoka katikati ya ule mti wa chini unaolishika tanga, ipite kwenye kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, lililofungwa juu ya benchi la katikati, kisha iingie kwenye kibanio cha meno, kile chuma kinachoiuma kamba ukiivuta na kuiachia ukiinyanyua. Mokamwana angekaa mbele ya benchi na kamba yake, baba mkwe nyuma ya benchi na usukani wake, na benchi lingekuwa mpaka. Eucabeth alilikagua benchi kwa macho, akauliza kama ni mti mgumu, akakubali.

Kazi ilianza mwezi wa Juni. Wapita njia walisimama kwenye ua kutazama. Wako waliouliza kama gharika ipo karibu na kama kuna nafasi ya mbuzi wawili. Manasseh aliwajibu kwamba nafasi ipo ya mbuzi, ila si ya wenye mbuzi. Alikuwa na furaha siku hizo. Aling'oa vyuma vyote vya nyuma vilivyokuwa vimeliwa na kutu, akaziba matundu ya zamani kwa vijiti na gundi. Osoro, mwenzake wa zamani kule Kisumu, alimtumia makapi matatu na kibanio kwa basi, vimefungwa ndani ya soksi.

Bitutu alikuwa akija alasiri akiwa mweupe kwa unga. Zana hawakupeana mkononi. Aliweka spana juu ya ubao, akarudi nyuma hatua tatu, na Manasseh akaichukua. Akimaliza nayo, aliiweka palepale na kugeukia upande mwingine. Kazi ilichukua muda mara mbili ya kawaida na hakuna aliyeona ajabu. Eucabeth alileta kigoda na mahindi ya kupukuchua akakaa karibu, akisema anapenda kivuli cha pale, ingawa kivuli hakikuwapo.

Siku ya kukaza bolti za benchi ndiyo iliyoleta kesi. Bolti ndefu haikazwi na mtu mmoja, tena wa mkono mmoja: mtu anashika kichwa chake juu, mwingine yuko chini anakaza nati. Manasseh alikuwa ndani ya mashua, Bitutu amelala chali chini ya trela kwenye majani, na bolti ileile iko mikononi mwa wote wawili.

"Simameni," Eucabeth akasema. Akaja, akainama, akatazama chini, akatazama juu. "Hii mbao ni unene gani?"

"Inchi moja na robo," Manasseh akajibu.

Eucabeth akafikiri. Mtu angedhani mbao ile ilikuwa inaomba kazi. "Kazeni," akasema mwishoni, akarudi kwenye mahindi yake.

Ugomvi wa pekee kati ya mafundi hao wawili ulikuwa juu ya kibanio. Manasseh alitaka kukifunga imara juu ya benchi, meno yakitazama mbele, upande wa Bitutu, basi. Bitutu akasimama akikitazama kama anavyotazama mkanda wa kinu unaotaka kutoka njiani.

"Tata, ukiifunga hivyo itakula kamba. Mtu akivuta kutoka upande, kamba inaingia ikiwa imepinda."

"Si utavuta ukiwa umekaa katikati?"

"Na upepo ikinisukuma pembeni?"

Manasseh akakiweka kibanio juu ya ubao, akarudi nyuma. Bitutu akakipeleka kibanio Keroka, na Omwenga, aliyekuwa na raha kubwa kwamba kazi yote ilifanyika kwenye nchi kavu, akakitengenezea kitako cha chuma kinachozunguka kama kiti cha kinyozi. Kiliporudi, Manasseh alikizungusha kwa kidole, kikageuka duara zima.

"Mpaka gani huu unaozunguka?" akanung'unika. Lakini alikuwa fundi, na fundi akiona kazi safi hawezi kuikataa. Akakifunga.

Jaribio la kwanza lilifanyika palepale nyumbani mwezi wa Agosti, na hapa ndipo Birongo ilipopata hadithi yake ya mwaka. Mtu wa ziwani hujaribu tanga majini. Manasseh, baada ya miaka kadhaa ya kurudi vilimani, alilijaribu kwenye mteremko, mashua ikiwa juu ya magurudumu, na mawe ya kuzuia magurudumu akayasahau. Akakaa nyuma, Bitutu akakaa mbele ya benchi, tanga likapanda. Upepo ukashuka kutoka kilimani ukalijaza. Jacinta akaanza safari.

Alikata uwanja, akapita zizi, akaingia kwenye chinsaga za Eucabeth, mboga alizozipanda kwa mistari iliyonyooka. Kuku walitawanyika. Manasseh aligeuza usukani kwa nguvu zake zote, jambo ambalo hewani halisaidii chochote. Bitutu aliinyanyua kamba mara moja tu, kibanio kikaiachia, tanga likalegea, na Jacinta akasimama ukingoni mwa migomba.

Kisha Manasseh akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia mlingoti, na Bitutu akacheka akiwa amejiziba uso kwa kanga, kwa heshima. "Inafanya kazi," akasema mzee. Eucabeth alikuwa anaziokota chinsaga zake. Alisema usiku huo watakula Jacinta.

Walishuka Kendu Bay Jumapili moja ya Oktoba, Sabato ya Jumamosi ikiwa imekwisha kuheshimiwa. Mokua aliwapeleka kwa lori la ndizi, Jacinta akivutwa nyuma, kisha akaenda kusimama mbali na maji, akikagua matairi ambayo hayakuwa na shida. Osoro alikuja na mashua ya injini awafuate kwa pembeni. Eucabeth aliikaza mikanda ya majaketi ya kuelea, ya mumewe na ya mkwe, mpaka wakashindwa kupumua vizuri, akakaa juu ya jiwe, mkoba magotini.

Upepo ulikuwa mwepesi. Manasseh alishika kana kwa mkono wa kulia, Bitutu akavuta kamba, na Jacinta, aliyekuwa amezoea kutagiwa mayai na kuku, aliinama kidogo akaanza kwenda. Walikwenda, wakageuka, wakarudi, wakageuka tena. Kila mtu alihamia upande wa pili akiwa kwenye chumba chake, benchi katikati, bila hata nguo kugusana. Machozi yalimtoka Manasseh, naye akasema maji ya ziwa siku hizi yanachoma macho. Bitutu alikuwa anatazama mbele, hakugeuka. Moyoni mzee alishukuru, akajiambia kwamba hiki alichopewa kinatosha, na asiyetosheka ana dhambi.

"Tata," Bitutu akasema baada ya muda, "turudi kidogo pale maji ni machache."

Mzee akadhani mkwe amechoka. Akaipeleka mpaka maji yakaonyesha mchanga. Bitutu akalegeza tanga, akaruka nje kwa mbele, akasimama maji yakimfika magotini. Akanyoosha mkono mpaka kwenye benchi, akakizungusha kitako cha Omwenga. Meno yakatazama nyuma, kwa mzee.

Manasseh akayatazama. Akamtazama mkwe wake usoni, kitu ambacho hakukifanya mara nyingi.

"Kaa upande wa kulia," Bitutu akasema. "Usukani weka kwapani, hapo kushoto. Nimekuona ukibana debe la maziwa na hiyo kwapa kila asubuhi. Ina nguvu kuliko mkono ya Mokua. Kamba shika na mkono mzuri. Ukitaka kupumzika, meno itakushikia."

"Ulijua hivi tangu lini?"

"Siku ile ya kwenda Keroka."

"Ukaniambia kamba italiwa."

"Hata hiyo ni kweli. Lakini ningesema unaweza kwenda peke yako, mama angechoma mashua." Akashika ncha ya Jacinta kwa mikono miwili. "Nenda mpaka pale kwa Osoro tu, kisha urudi."

Manasseh akahamia upande wa kulia. Akaiingiza kana kwapani. Mkono mbovu ukaibana, ukaendelea kuibana. Bitutu akasukuma.

Akavuta kamba. Tanga likajaa, na ziwa likaanza kupita chini ya ubao kwa ile sauti aliyokuwa akiisikia usingizini kwa miaka. Mbele ya benchi hakukuwa na mtu. Kutoka ufukoni ilimfikia sauti ya Eucabeth, kali, ikiuliza, "Bitutu! Na huyo umemwachia nani?" na jibu la Bitutu hakulisikia. Alimsikia Eucabeth akinyamaza, jambo ambalo ni gumu kulisikia, lakini yeye alikuwa na miaka thelathini na minane ya kujifunza.

Aliwaona wamesimama pamoja, mkewe na mkwewe, wadogo, mmoja majini na mmoja nchi kavu, mikono yao vichwani. Akaivuta demani kwa mara nyingine, akaishusha kwenye meno, kibanio kikaiuma. Akafungua vidole kimoja kimoja. Kamba haikwenda popote. Usukani ulikuwa kwapani, tanga lilikuwa kwenye meno, Jacinta alikuwa anakwenda, na kwa mara ya kwanza tangu augue, Manasseh Ogeto alikuwa na mkono mzima usio na kazi.

Akaunyanyua juu, akawapungia.